Koti la baridi kwa abiria wa kusini: maswali ninayoulizwa kila Juni ikiingia

Nauza makoti ya mtumba hapa Mtwara. Najua mnavyocheka. Kuna mzee kila akipita mezani kwangu huniambia, "Mama, na mchanga wa Msangamkuu utauuza lini?" Acha acheke. Wanunuzi wangu wengi koti lenyewe hawalivai Mtwara. Wanalivaa basi likishaipita Namtumbo, au wakiwa nyuma ya bodaboda kabla ya jua kutoka, au kituoni kwenye nchi ambayo kinachodondoka si mvua ni theluji. Maswali yao yamekuwa yale yale mwaka hadi mwaka, basi nimeyaandika pamoja na majibu yangu.

Kwani Mtwara na Lindi kuna baridi?

Kuna kipupwe. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi inavuma, mvua hakuna, na usiku wa Julai mjini joto hushuka mpaka kwenye nyuzi 20 hivi. Kwa mtu aliyeiva na Februari ya Mtwara, hiyo ni baridi ya kujifunika shuka mbili. Newala ni habari nyingine: mji uko juu ya uwanda wa Makonde, asubuhi ukungu unatanda, na ukisimama Shimo la Mungu mapema utaelewa kwa nini wenzetu wa kule hawanicheki. Lakini kama maisha yako ni Magomeni kwenda Shangani kwa bajaji, sweta jepesi linakutosha. Koti ukilitaka nitakuuzia, ila litakaa kabatini mpaka mende walizoee.

Nikija kutafuta koti, kwa nini unaniuliza kwanza "unapanda nini?" badala ya "unakwenda wapi?"

Kwa sababu mwenye gari lake anavaa koti kwa dakika mbili, kutoka mlangoni hadi kwenye gari. Sisi wa kupanda magari ya watu tunapita hali ya hewa tatu ndani ya saa moja. Kituoni umesimama, damu imelala, upepo unakupiga. Ndani ya Hiace mmebanana watu ishirini, joto la wenzio linakuchemsha, jasho linatoka. Ukishuka, lile jasho ndilo linalogeuka barafu mgongoni. Wengi wanaoniambia "nilivaa koti zito na bado niliumwa na baridi" hawakushindwa na baridi ya kituoni. Walilowa ndani ya gari, wakashuka wakiwa wamelowa.

Basi koti la abiria linapimwa kwa mambo ambayo mwenye gari hayamhusu. Linafunguka upesi mpaka chini? Unaweza kulivua ukiwa umekaa bila kumpiga jirani kiwiko cha pua? Ukilivua linakaa mapajani, au linageuka godoro? Simu ina mahali pa kukaa ambapo mkono wa mtu hauifikii pale stendi? Koti likishindwa hayo, hata kama lina joto kama tanuri la mkate, si lako.

Shikamoo mama. Mwanangu amepangiwa kidato cha tano Njombe. Nimnunulie lipi?

Marahaba. Hili ndilo swali ninalolipata kuliko yote, maana kidato cha tano huanza Julai, na Julai ndiyo baridi yenyewe.

Twende na hesabu kwanza. Ukipanda mlima, kila mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6 hivi. Mtwara tuko usawa wa bahari, Njombe mjini ni karibu mita 2,000. Toa nyuzi 12 kwenye usiku wetu wa nyuzi 20, zinabaki 8, na bado hujaweka upepo. Akiwa amepangiwa Makete ni zaidi: kwenye uwanda wa Kitulo, ambao umevuka mita 2,500, asubuhi za Juni na Julai majani huamka na umande ulioganda. Mtoto aliyekulia Mikindani hajawahi kuona kitu hicho.

Sasa kabla hujaja kwangu, soma fomu ya kujiunga na shule. Shule nyingi zinataka sweta la rangi yao na haziruhusu koti la rangi nyingine darasani. Ukinunua koti jekundu zuri mkuu wa shule akalikataa, mimi sirudishi hela. Ninachopendekeza ni hiki: sweta la shule, fulana mbili za mikono mirefu za kuvaa ndani ya shati, koti moja la rangi iliyotulia (bluu nyeusi au nyeusi) la safari na la jioni, soksi nzito jozi tatu, kofia ya sufu, na blanketi la maana. Blanketi usilifanyie ubahili, usiku ni mrefu kuliko mchana.

Na safari yenyewe. Basi linaondoka Mtwara alfajiri, Mnazi Mmoja mpaka Masasi ni joto, Mangaka joto, Tunduru jua la mchana. Mtoto atakuwa na fulana tu na atakuona unamsumbua ukimwambia ashike koti. Mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 600, huko jua linazama, na kama anaunganisha kwenda Njombe atafika giza limeingia. Koti liwe mkononi, lisiwe kwenye begi. Mdogo wangu wa mwisho alipokwenda huko juu, begi lake lilitupwa kwenye buti la basi chini ya madumu na vifurushi vya samaki wakavu. Alishuka usiku na fulana ya mpira, anatetemeka kama kifaranga, utingo anamwambia asubiri mizigo ya mbele ishuke kwanza. Koti alilipata baada ya nusu saa, likanuka samaki muhula mzima. Mpaka leo wenzake wa bwenini wanamwita Perege, na perege wenyewe ni samaki wa mtoni, wala hatukumtuma na perege.

Koti moja zito au nguo nyepesi tatu?

Tatu, bila kufikiri. Koti halina joto lake, joto ni lako. Kazi ya nguo ni kushika hewa ili joto lako lisitoroke. Nguo tatu nyepesi zinashika hewa katikati yake, na ndani ya gari unaweza kupunguza moja ukabaki na mbili. Koti zito lina chaguo mbili tu, kuiva au kuganda.

Ya ndani isiwe pamba kama unakwenda kwenye baridi ya kweli. Pamba inakunywa jasho na hailiachi. Sufu nyembamba au hata fulana ya michezo ya polista inakauka upesi. Ya katikati sweta. Ya juu ndiyo ya kuzuia upepo na mvua, na hiyo haihitaji kuwa nene.

Koti la mtumba zuri nitalijuaje?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu, na wenzangu sokoni watanichukia.

Lianzie mdomoni. Weka kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu huku kiganja kikiwa upande wa pili. Pumzi ikipita, upepo wa kusi utapita, na wa Makambako utapita ukiimba. Kisha zipu: ipandishe na kuishusha mara tatu, si mara moja. Muuzaji atakuonyesha mara moja. Zipu iliyochoka inanasa mara ya pili au inafunguka katikati ukikaa. Ukiona zipu inayofunguka kutoka juu na kutoka chini pia, chukua. Ukikaa kwenye siti unaifungua chini kidogo, koti halikubani tumbo wala halipandi mpaka shingoni.

Ligeuze ndani nje. Bitana ikiwa imechanika kwapani, mwenye koti wa kwanza alikuwa mtu wa kushika bomba la basi, na mishono ya kwapa imekwisha. Bitana inashoneka, lakini punguza bei. Liinue juani uone kama kuna matundu ya nondo. Linuse: harufu ya kabati haina neno, harufu ya ukungu haitoki hata ulifue mara kumi.

Soma lebo hata kama hujui lugha. Za Kiingereza husema wool, yaani sufu, na down, yaani manyoya laini ya bata. Za Kijerumani husema Wolle na Daunen. Belo nyingi zinatoka Ulaya, kwa hiyo maneno hayo mawili yatakusaidia. Lebo ikiwa imekatwa, ng'oa uzi mmoja mdogo pembeni uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kubaki majivu, polista huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Lipa kwanza ndipo uchome, tafadhali.

Na pekua mifuko. Niliwahi kukuta tiketi ya tramu ya mji wa Ujerumani imekunjwa ndani ya mfuko wa kifuani. Nikaiweka ukutani. Koti lile limemaliza kazi ya tramu, sasa liko Ruangwa linapanda Noah.

Koti la ngozi je? Linapendeza.

Linapendeza. Ila ngozi ya kweli ni nzito, mvua inaiharibu, na kwenye unyevu wa pwani yetu inaota ukungu ukiiacha mwezi mmoja kabatini. Ngozi bandia hubanduka, vipande vinabaki kwenye siti na kwenye nguo za jirani yako. Linafaa kitu kimoja: kuzuia upepo juu ya pikipiki.

Na yale yaliyotuna kama mito?

Yenye manyoya ya bata ni mepesi, yana joto kuliko yote, na yanakunjika mpaka yakaingia kwenye mfuko mdogo. Kwa abiria hiyo ni baraka. Ubaya wake ni maji: yakilowa, manyoya yanashikana, joto linakwisha, na kuyakausha ni kazi ya siku mbili. Yale yaliyojazwa nyuzi za polista yana joto pungufu kidogo lakini yakilowa bado yanakusitiri. Unakwenda kwenye baridi kavu, chukua ya manyoya. Unakwenda kwenye baridi ya mvua na kusubiri gari kwenye kituo kisicho na paa, chukua ya polista.

Bonyeza kabla hujalipa. Likikuchoma vijiti, yale si manyoya laini, ni mabawa ya bata mzima.

Mimi ni mtu wa bodaboda. Nivae koti mbele nyuma kama wenzangu?

Vaeni, ni akili nzuri. Upepo unaingilia kwenye zipu na kola, kwa hiyo koti likigeuzwa mgongo wake unakuwa ngao ya kifua. Shida moja: ukianguka au ukitaka kushuka haraka, kulivua ni mpaka mtu akusaidie, na abiria wako wa nyuma kashindwa kupandisha zipu. Afadhali kizibao kigumu kifuani, koti juu yake likiwa limefungwa kawaida.

Watu huniuliza kama upepo wa pikipiki unaleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Ukiwa na homa na kifua kinabana, nenda zahanati, koti langu si dawa.

Abiria wa bodaboda nao: koti liishie kiunoni au nyongani. Kanga, mtandio na mikia ya koti refu vinapenda mnyororo na tairi la nyuma. Na likiwa na utepe unaong'aa gizani, lipe nafasi mbele ya lile zuri lisilo nao. Alfajiri ya Naliendele dereva wa lori anaona utepe kabla hajakuona wewe.

Mimi navuka kwa kivuko kila asubuhi.

Msangamkuu au Kitunda, jibu ni moja. Kusi ikivuma maji yanaruka, kwa hiyo unataka kijaketi chepesi kisichopitisha maji, chenye kofia. Usivuke na koti zito la sufu au lililotuna. Likinywa maji ni mzigo mwilini. Na jaketi la kuokolea linavaliwa juu ya koti, si chini yake.

Basi la usiku lina kiyoyozi mpaka meno yanagongana. Nivae koti?

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku mwaka 2023, swali hili limeongezeka. Safari ya Mtwara kwenda Dar ni kilomita zaidi ya 550, na kiyoyozi kikiwashwa kabla ya Lindi hakizimwi. Koti la nini? Sweta, soksi na shuka la kimasai. Shuka linafunika magoti, jambo ambalo koti haliwezi. Ukikaa dirishani chini ya tundu la hewa, lifunge tundu. Wengi hawajui kwamba linageuka.

Navaa abaya. Koti linakwenda wapi, juu au chini?

Kwenye baridi kidogo, sweta jembamba chini ya abaya na huhitaji kitu kingine. Kwenye baridi kali, koti juu, na lenye kola iliyosimama lisigombane na mtandio. Kofia ya koti juu ya hijabu inateleza nyuma kila ukigeuza shingo. Kofia ya sufu ndogo chini ya mtandio inakaa vizuri zaidi na masikio yanapona.

Wenye kofia za koti wote, wake kwa waume: ishusheni mnapovuka barabara. Inaziba macho ya pembeni na masikio, na bajaji haisubiri.

Na mtoto mgongoni?

Mbebe kwa kanga kwanza, koti kubwa la kwako liwe wazi mbele, mabega tu yafunikwe. Uso wa mtoto usifunikwe kabisa. Ndani ya gari mvue kofia, watoto hupata joto upesi kuliko sisi.

Nimepata nafasi ya kusoma nje. Ninunue koti kwako niende nalo?

Inategemea ni wapi na mwezi gani. Wengine huniambia "China" kana kwamba ni mtaa. Harbin, Januari, wastani ni zaidi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Guangzhou mwezi huohuo ni kama kipupwe chetu kilichokasirika, lakini kusini ya China nyumba nyingi hazina mfumo mkuu wa kupasha joto kama kaskazini, kwa hiyo utaisikia baridi ndani ya chumba. Uturuki nako, Ankara kunaanguka theluji wakati Antalya watu wako ufukweni wanaota jua.

Ukiondoka Septemba, sikuuzii koti kubwa. Utafika baridi haijaanza, utaona wenyeji wanavaa nini, na utakuwa umekijua kituo chako cha basi: kina kibanda au hakina, unasubiri dakika tatu au ishirini. Hilo ndilo linaloamua unene wa koti. Hata huko kuna maduka ya nguo zilizotumika, ndiko zinakotoka hizi zangu. Nitakuuzia sweta la sufu na jaketi la kuzuia upepo.

Ukiondoka Januari au Februari, hapo nunua hapa na ulishike mkononi ndani ya ndege. Begi likichelewa, uwanja wa ndege wa huko hautakuhurumia.

Ukifika, jihadhari na joto la ndani. Treni na mabasi ya nchi hizo huwashwa joto, unatoka nyuzi 10 chini ya sifuri unaingia kwenye kama Mtwara ya Agosti. Fanya kama wenyeji: zipu ishuke kabla hujakaa, skafu iingie kwenye mkono wa koti, glovu na kofia mfuko wenye zipu. Glovu hupotea moja moja, na duka haliuzi moja. Koti la kule liwe refu kufunika mapaja, tofauti na lile la bodaboda, maana kituoni umesimama, hakuna mnyororo wa kukunasa. Jaribu ukubwa ukiwa umevaa sweta, usijaribu na fulana ya mikono mifupi hapa mezani ukasema limekaa. Na viatu: raba za kitambaa theluji inaziloweka siku ya kwanza.

Koti la mvua kwa masika yetu?

Mvua zetu za kusini ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na ndiyo miezi ya joto. Ukivaa plastiki Februari unalowa kutoka ndani. Beba mwavuli, na mfuko wa kuufungia ndani ya daladala usimlowanishe mwenzio.

Rangi ipi?

Nyeusi haionyeshi uchafu wa siti. Kwa barabara za vumbi za vijijini, kahawia.

Baridi ikiisha nalihifadhije?

Lifue kabla ya kulitunza, nondo hupenda jasho na mafuta ya shingoni. Lianike kivulini likauke kabisa. La manyoya ya bata lipigepige mara kwa mara likiwa linakauka ili mabonge yaachane. Usilifunge kwenye mfuko wa plastiki, unyevu wa pwani utalimaliza. Mfuko wa kitambaa, na mara moja kwa mwezi litoe lipigwe hewa.

Bei inashuka lini?

Baridi inakuja Juni, hela ya korosho ilishakwisha kitambo. Hapo kila mtu anataka koti na kila mtu ana madeni, na mimi bei napandisha. Minada ya korosho ikianza Oktoba watu wana hela lakini kuna joto, makoti yamening'inia siku nzima hakuna anayeyagusa, na nafasi ya meza naihitaji kwa magauni. Njoo Novemba. Nitakuangalia kama mwendawazimu, lakini nitakupunguzia.

Na likiwa halinitoshi nikifika nyumbani?

Lilete kesho yake likiwa halijavaliwa kwenye basi. Nitajua. Nitalinusa.